Banda la Kuku Lililotoka Solihull

Kijana mmoja alikuja kwetu Tororo siku ya Jumapili, viatu vyake vyeupe bado havijaonja tope, akauliza kama Land Rover ya Mzee inauzwa. Haiuzwi. Lakini mgeni aliyetoka Kampala harudishwi getini bila chai, basi akawekewa kiti chini ya mwembe, akanywa, akaomba ruhusa ya kuitazama.

Akaizunguka mara mbili. Akagonga bodi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akachuchumaa, akachungulia uvunguni, akajipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. Kisha akatoa hukumu: "Mzee, usinichukie, lakini hii ni pikapu tu. Tena ya kuungaunga, hata tangi la mafuta mafundi wenu wamelihamisha. Ingekuwa Station Wagon orijino, ile ya abiria, tungeongea pesa ya maana."

Baba hakusema neno. Alimwaga masalia ya chai kwenye majani, akamtakia safari njema. Aliyeumia ni mimi. Nimekulia nyuma ya gari lile, juu ya magunia ya mahindi, nikiijua kuwa pikapu kama ninavyomjua shangazi yangu kuwa shangazi. Hilo la pikapu sikuwa na ugomvi nalo. Ni lile neno "kuungaunga" lililonikaa kooni. Nikaapa kwamba nitaisoma Land Rover hii kuanzia chesisi hadi paa, nijue kiwanda kiliweka nini na sisi tuliongeza nini. Sikujua kwamba paa la kiwanda halikuwa juu ya gari hata kidogo.

Neno "orijino" ukilipeleka Kisekka, pale Kampala kwenye vipuri, linarudi likiwa na maana zaidi ya moja. Linaweza kuwa kipuri kilichozaliwa na gari. Linaweza kuwa kipuri cha kampuni ile ile, lakini cha gari la miaka 15 baadaye. Na mwisho wa mwezi linaweza kuwa chochote ambacho muuzaji anataka kiondoke mezani. Simlaumu mtu. Land Rover ni gari linalokubali viungo vya ndugu zake bila kesi. Mlango wa mdogo unakaa kwa kaka, injini ya huyu inalala kwa yule, na baada ya miaka 50 hakuna anayekumbuka nani alimpa nani.

Ndiyo maana beji ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Beji hununuliwa, hubanduliwa, hubandikwa. Nimeshaiona mjini Land Rover ya miaka ya 60, taa zake zikiwa zimebanana katikati ya uso kama macho ya bundi, imechorwa mistari ubavuni na neno County. County ni daraja la vitambaa laini vya viti na vioo vya giza lililoletwa mwaka 1982, toleo la Series III likiwa linakaribia kustaafu. Gari la 1966 kuvaa County ni sawa na babu kuvaa sare ya shule ya mjukuu. Huenda ikamtosha, lakini pale hakusoma.

Wenye Land Cruiser za zamani wana raha yao. Mjapani aliandika. Ukisoma BJ40, B ni ukoo wa injini ya dizeli, J ndiyo Land Cruiser yenyewe. Zikifuata herufi unapata R kwa usukani wa kulia au L kwa wa kushoto, na V kwa paa gumu. Vibao vya miaka ya baadaye vina hadi namba ya rangi na ya vitambaa vya ndani. Unasimama boneti ikiwa wazi, unasoma kama kadi ya kliniki ya mtoto. Mwingereza wa Solihull, kilipo kiwanda cha Land Rover, alikuachia namba moja na matundu mengi.

Nilianza na namba. Kibao kilichopaswa kuwa ndani, mbele ya abiria, kilishang'oka zamani, kimeacha alama ya skrubu tu. Lakini namba hiyo hugongwa pia kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na pale springi inaposhikwa. Nililala chali juu ya gunia na kukutana na tope lililochanganyika na grisi ya miaka hamsini, gumu kama sementi ya kiwanda chetu. Brashi ya waya, mafuta ya taa, kitambaa, tena brashi. Vumbi lilinidondokea machoni. Chuma kilipoanza kung'aa nikapaka chaki ya mwanangu, nikafuta juu juu kwa kiganja, weupe ukabaki ndani ya mikato.

Mbili. Sita. Mbili.

Kwa Series IIA, toleo la gari letu, lililotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, tarakimu tatu za mwanzo ndizo jina la ukoo. Gari refu, la inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, lenye injini ya petroli ya silinda nne na bodi ya kawaida, huanza na 251 kama liliuzwa Uingereza, 252 kama lilisafirishwa nje na usukani wa kulia, 253 kama lilifungwa vipande vipande kwenye makreti likaunganishwe ng'ambo, na 254 kama lilisafirishwa na usukani wa kushoto. Station Wagon ya urefu huo huo ina mpangilio huo huo, ila yake inaanzia 261. Kwa hiyo 262 ni Station Wagon, imesafirishwa, usukani kulia. Pikapu ingesema 252.

Nilibaki chini ya gari muda mrefu nikitazama ile sita. Mwaka wa kutengenezwa haumo kwenye namba hizo. Wanaotafuta mwaka ndani ya namba ya Series IIA wanatafuta chumvi kwenye bakuli la sukari. Herufi iliyoko mwishoni nayo haitaji mwaka. Iliwekwa ili fundi anapoagiza vipuri ajue mabadiliko gani makubwa yalikuwa yameshaingia kiwandani wakati gari linatoka. Mwaka unaupata kwa kulinganisha namba nzima na orodha, au kwa kuangalia vitu vidogo. Kwetu vitu vidogo vilikuwa vinapiga kelele tangu nikiwa mtoto, ila sikuvisikiliza. Wipa mbili, kila moja na mota yake juu ya dashibodi, kabla ya 1967 walipoleta mota moja ya kuendesha zote. Mabaki ya viti vya kijivu vyenye ngozi ya bandia iliyokunjamana kama ya tembo, kabla hawajahamia vyeusi. Na betri ambayo upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Hilo la betri Baba alikuwa akimkumbusha kila fundi kwa sauti ya sala, kwa sababu kulikuwa na karakana moja huko Mbale iliyoijua vizuri kuliko yeye. Walifunga kwa mtindo wa magari ya sasa, redio ikatoa moshi, wakamwambia redio ilikuwa mbovu.

Nikampigia fundi wangu simu. Huyu ni Mkongo wa Bukavu aliyeweka makazi Busia, Kiswahili chake kina Kifaransa ndani kama nyama kwenye sambusa, na mkono wake nauamini kuliko wangu. Nikamwambia kwa furaha, 262! Akanimwagia maji baridi.

"Kaka, hiyo ni namba ya chesisi. Bodi je? Chesisi inaweza kuwa ya marehemu mwingine."

Alikuwa sahihi. Magari mangapi yamepinduka barabara ya Mbale yakagawanywa kama ng'ombe wa harusi? Namba inakwambia chesisi ilizaliwa nani. Juu yake huenda amekaa mtu mwingine.

Alikuja Jumamosi na mfuko mdogo. Nilitegemea vifaa. Akatoa sumaku ya mviringo iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifuta kwenye suruali.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Baadaye chuma kilipatikana, lakini alumini ilikuwa imeshazoeleka na kupendwa, ikabaki. Kwa hiyo ngozi ya Land Rover haishikwi na sumaku. Inayoshikwa ni chesisi, ule ukuta unaotenga injini na miguu yako, fremu za milango na nguzo zake. Na inashikwa, bila shaka, viraka vya watu waliokosa alumini.

Akaiweka sumaku juu ya madigadi ya mbele, ikateleza. Mlango wa dereva, sumaku ikateleza katikati ya mlango kama sabuni. Akavuka nyuma ya mlango. Tak. Ikanata yenyewe, hata kabla hajaisogeza vizuri. Akaivuta, akaiachia tena: tak. Akaendelea nayo kuelekea gurudumu la nyuma, ikaachia, ikateleza tena hadi taa ya nyuma. Hakusema kitu. Akazunguka upande wa pili akafanya vile vile. Pande zote mbili, upana ule ule, sumaku ilinata pale ambapo Station Wagon ina mlango wa pili.

"Milango yenu iko humu," alisema. "Imezikwa."

Tukaanza kufukua. Ribiti zilisema kwanza. Ribiti za kiwandani za Land Rover zina vichwa vya duara vilivyojaa, kama vifungo vya koti, na pengine bodi haina ribiti kabisa bali vidoa vya kulehemu, vishimo vidogo vya mviringo vilivyopangwa kwa mstari. Ribiti za kwenye kile kiraka zilikuwa na tundu katikati, zile za kufungwa kwa koleo ya mkono. Fundi akakwangua rangi kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango wa dereva. Rangi ya kijani, ya miaka ya 90, naikumbuka ikipakwa kwa brashi. Chini yake nyeupe. Chini yake puti ya pinki. Akaichokonoa puti kwa ncha ya bisibisi, ikatoka kama jino la maziwa, na nyuma yake kulikuwa na shimo safi la bolti. Chini yake lingine. Bawaba za mlango ambao hatujawahi kuuona zilikuwa zimefungwa hapo. Nguzo ya pikapu haina sababu ya kuwa na mashimo hayo.

Na lile tundu la mafuta! Yule kijana alisema mafundi wetu walihamisha tangi. Kwenye pikapu ya inchi 109 tangi linakaa chini ya kiti cha mbele cha kulia, na unajazia hapo hapo ubavuni nyuma ya mlango. Station Wagon ina tangi nyuma, kati ya mbavu za chesisi, na unajazia nyuma ya gurudumu. Yetu tumeijazia nyuma maisha yetu yote. Alichokiona kijana ni ushahidi, akausoma kinyume.

Sitaki mkanione mimi ndiye msomaji hodari. Siku hiyo hiyo, kichwa kikiwa kimevimba, niligundua tundu la mviringo katikati ya bampa la mbele, limenyooka sawasawa na pua ya injini. Nilikuwa nimeshajua kwamba kiwanda kiliuza winchi ya pipa inayosimama mbele na kuendeshwa na injini, moja ya nyongeza za bei ambazo mnunuzi angeweza kuagiza. Nikamwita fundi kwa sauti: winchi, tulikuwa na winchi! Fundi akaja, akainama, akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye gurudumu la akiba.

"Hapo ni pa kuingiza hendeli, kaka. Ya kuwashia. Zote zina tundu hilo."

Hendeli yetu ilipotea kabla sijazaliwa. Sisi tulikuwa watu wa kusukuma.

Basi nikajifunza kugawa matundu. Kuna matundu ya kila gari. Kuna ya nyongeza za kiwandani, na hayo huwa yamenyooka, kingo zake zimepakwa rangi ile ile ya kwanza, kwa sababu yalitobolewa kabla gari halijaingia rangini. Ya wakala aliyefunga kitu kabla ya kumkabidhi mteja huwa safi lakini kingo zake ni alumini tupu. Halafu kuna ya kwetu, yaliyotobolewa kwa msumari na nyundo. Kwenye dashibodi tuna kimkono kidogo cha kushika moto wa injini bila mguu, kifaa cha watu waliotaka gari lisimame na kuendesha pampu au msumeno. Kingo zake ni za buluu, kwa hiyo kilikuja nacho. Boneti yetu imekunjwa kwa mbele, ile inayoitwa ya deluxe, iliyokuwa kawaida kwa Station Wagon na nyongeza kwa wengine. Hita hatuna wala hakuna dalili kwamba iliwahi kuwepo. Mtu wa ng'ambo anayetengeneza gari kama hili huweka hita ili gari likamilike. Hapa Tororo kukamilika ni kutokuwa nayo.

Nimetaja buluu. Rangi ya kwanza usiitafute kwenye boneti, jua na msasa vimeshakula. Itafute pale brashi haifiki: chini ya vifuniko vya viti, nyuma ya dashibodi, chini ya mpira wa kioo. Chini ya kiti cha katikati tulifungua kifuniko kilichokwama, na ndani yake kulikuwa na buluu iliyokolea, inang'aa, haijawahi kuonana na mtu. Kwenye orodha za Rover ya wakati ule inaitwa Marine Blue. Nimeishi miaka arobaini na kitu na gari la kijani lenye moyo wa buluu.

Kilichobaki ni sakafu. Nyuma ya viti vya mbele Baba alitandika mbao za mvule, nene, nzito, zimejikunja kidogo na kushikana. Kwenye pikapu sakafu ya bodi ni sawa tangu mwanzo hadi mwisho, mbao ni za kuilinda tu. Tuling'oa tatu za mwanzo kwa mtarimbo. Chini yake hapakuwa na sakafu. Kulikuwa na shimo pana, mahali pa kuweka miguu ya watu waliokaa kiti cha pili. Shimo la miguu, kwenye gari la magunia.

Fundi aliingiza mkono akapapasa kwenye kona. Akautoa umejaa vumbi, majani makavu, kipande cha kamba ya katani, na punje sita za kahawa. Bado zilikuwa na ganda lake jembamba, limekuwa la njano kama karatasi ya zamani. Akaziweka kwenye kiganja changu bila maneno.

Nikampelekea Baba kibarazani. Alizitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Baba, gari hili lilikuwa na milango mingapi?"

"Mitano," alisema. "Ukihesabu wa nyuma."

"Mbona hukumwambia yule kijana?"

"Hakuniuliza. Alikuwa anajua."

Habari nyingine nilizipata kidogo kidogo, siku nne nzima, kwa sababu Mzee hasimulii, anadondosha. Aliinunua mwaka 1974 kwenye mnada wa ofisi moja ya serikali, ikiwa na viti vya watu 12: watatu mbele, watatu katikati, sita nyuma wakitazamana magoti kwa magoti. Hiyo 12 haikuwa hesabu ya ukarimu. Uingereza, kuanzia 1962, Station Wagon ya watu 12 ilihesabika kuwa basi mbele ya sheria ya kodi, mnunuzi akaponea kodi ya ununuzi, na kiwanda kikabana makalio ya watu ipasavyo. Kwetu ikabeba harusi, misiba na timu ya mpira. Kioo kikivunjika hakipatikani kingine. Waliokuwa wakiagiza vipuri, Waasia, walifukuzwa mwaka 1972 kwa siku 90, maduka yakabaki na rafu.

Kisha ikaja baridi kali ya Brazili, Julai 1975, iliyoua mibuni yao, na bei ya kahawa duniani ikapanda mpaka kilele cha 1977. Serikali ya Amin ilimlipa mkulima wa Bugisu vijisenti. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kulikuwa na soko la Chepkube. Kila mtu wa rika la Baba upande huu anajua Chepkube na hakuna aliyewahi kufika huko.

"Station Wagon ina vioo pande zote," Baba alisema. "Kioo kina mdomo. Pikapu yenye turubai haina."

Ikakatwa mwaka 1976, Mbale, usiku mbili. Fundi aliyeikata alijua alumini, lakini ya kuzibia milango hakuipata, akatumia bati la chuma. Nilimuuliza Baba alijisikiaje. Akasema alijisikia amechelewa.

Usiku ule nilikaa na simu nikitazama picha za Station Wagon za IIA, nikiorodhesha kilichopotea. Milango miwili ya kati na mlango wa nyuma. Viti. Mapambo ya ndani ya milango. Na paa. Station Wagon ilitoka na paa la nchi za joto, mabati mawili ya alumini, moja juu ya jingine, upepo ukipita katikati ili jua lichome la juu na abiria wapone. Lina vitundu vya hewa vyenye vifuniko, unavifungua na kuvifunga ukiwa ndani. Na pale paa linapopinda kushuka ubavuni kuna madirisha marefu membamba, ili waliokaa nyuma waone mlima bila kuinama.

Nilikuwa nimefika kwenye picha ya ndani, kifuniko kimoja kimefunguliwa, na mkono wangu ukakikumbuka kabla ya akili. Nilikijua kile kifuniko. Niliwahi kukifungua na kukifunga, kukifungua na kukifunga, nikiwa nimechuchumaa gizani, mayai matatu ya moto kwenye shati, na Mama akiita nitoke kabla sijavunja.

Nilitoka nje na tochi, pekupeku. Banda la kuku liko nyuma ya jiko. Limehamishwa mara mbili tangu nizaliwe, miti imebadilishwa, paa ni lile lile, limepakwa lami juu na kuota ukungu, na malenge yametambaa nusu yake. Niliingiza kichwa kwenye mlango wa watoto. Kuku wakalalamika. Juu yao, chini ya masizi, kulikuwa na rangi ya krimu, ile Limestone ambayo kiwanda kilipenda kuipaka paa na magurudumu. Vifuniko vinne. Na pembeni, kila upande, madirisha membamba ya kijani kwa uchafu, ambayo utoto wangu wote niliyaona nikadhani kila banda la kuku lina madirisha. Nilikisukuma kifuniko kimoja. Kikafunguka. Upepo wa usiku ukaingia kutoka katikati ya mabati mawili, jogoo akanisogelea kwa nia mbaya, nikarudi nyuma.

Asubuhi nilimwambia Mama kwamba nimepata paa la gari. Alikuwa anachambua maharage.

"Paa gani? Hilo ni la kuku."

Nikamweleza: kiwanda, Uingereza, kabla ya 1967, mabati mawili, joto. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye alishajua kuwa lina mabati mawili, ndiyo maana kuku wake hawafi kiangazi na wa jirani wanakufa, na kwamba Baba alipolirudisha kutoka Mbale mwaka ule alitaka kuliuza kwa watengeneza sufuria, na yeye ndiye aliyemzuia. Kwa maneno mengine, paa hilo limekuwa juu ya kuku miaka mingi kuliko lilivyokuwa juu ya watu. Nani basi mwenye haki nalo?

Fundi wangu anasema milango ya kati inapatikana, hata kama ni ya Series III itakaa, na viti tutavishona. Mimi sina uhakika kama nataka kufukua kila kitu. Kile kiraka cha bati la chuma, chenye ribiti zenye tundu, nacho kimekaa kwenye gari kwa muda mrefu zaidi ya milango yenyewe. Namfikiria yule kijana akirudi na viatu vyake, akagonga bodi, akakuta Marine Blue na paa la krimu, akasema sasa ni orijino. Nafikiria Baba akinywa chai. Kwa sasa nimeamua paa tu. Milango tutaijadili.

Lakini paa lina mwenyewe. Masharti yake ni banda jipya kwanza, ndipo la zamani livuliwe, mabati kumi ya geji 28, si yale yanayokunjwa na upepo, mbao zilizotiwa dawa, fundi asiyekunywa. Nikauliza kama kwenye banda jipya atataka madirisha.

"Marefu," alisema. "Wameshazoea."

Mpaka leo nimenunua mabati manne.